Mawe ya Ufuko wa Mwanza

Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Mwanza kwa njia kuu hufika Buhongwa kabla hajaingia katikati ya jiji. Hapo huanza kuona jambo la ajabu. Vilima vya nchi hii havikufunikwa na majani na miti tu, bali vimejaa mawe makubwa. Mengine ni makubwa kama nyumba. Mengine yamepandana, moja juu ya jingine, kana kwamba jitu fulani lilikuwa likicheza na kuyapanga. Jiwe kubwa hulala juu ya jiwe dogo, na kati yao mna nafasi ambayo kuku aweza kupita. Mgeni akiyatazama huona kama yataporomoka sasa hivi. Lakini wenyeji wamejenga nyumba zao kando yake, na watoto huanika nguo juu yake.

Upande wa magharibi wa Buhongwa iko Ghuba ya Mwanza, nayo ni mkono mwembamba wa Ziwa Viktoria uingiao katika nchi kavu kwa urefu wa kilomita 60 hivi. Mtu akishuka kutoka Buhongwa kuelekea Luchelele au Nyegezi, hufika ufukoni. Watu wa pwani wakisikia neno ufuko hufikiri mchanga mweupe na minazi, kama ule wa Unguja au Bagamoyo. Hapa sivyo. Vilima hushuka mpaka majini, na mawe hushuka pamoja navyo. Mengine husimama mchangani, mengine yamezama nusu, na mengine hayaonekani kabisa ila kwa povu la mawimbi yanayovunjika juu yake.

Wako wengi wapitao kando ya mawe haya kila siku, wala hawaulizi: Yametoka wapi? Nani aliyeyapanga? Yana faida gani? Maswali hayo yana majibu. Na mtu akiyajua majibu hayo, hautazami tena ufuko huu kwa macho yale ya kwanza.

Mawe Yalikotoka

Watu hudhani kwamba mawe haya yalibingirishwa na gharika, au yalirushwa na mlima wa moto. Sivyo. Mawe ya Mwanza hayakutoka mbali. Kila jiwe limekaa mahali pale pale lilipozaliwa, au karibu napo, wala hakuna nguvu iliyolipandisha juu ya mwenzake.

Jiwe la namna hii huitwa graniti. Mtu akivunja kipande chake na kukitazama juani, ataona kwamba si kitu kimoja, bali ni chembe nyingi zilizoshikana. Ziko chembe zing'aazo kama kioo; hizo ni ngumu sana. Ziko chembe nyeupe, au za rangi ya waridi. Hizo huharibika upesi kuliko zile za kwanza. Tena ziko chembe nyeusi zimetazo kama magamba ya samaki. Hizo ni za jamii ya ulanga. Chembe hizi zilifanyika kilomita nyingi chini ya ardhi, wakati jiwe lilipokuwa limeyeyuka kwa moto kama nta. Lile jiwe la majimaji lilipoa polepole mno, na kwa sababu hiyo chembe zilipata muda wa kukua hata zikaweza kuonekana kwa macho. Jambo hilo lilitukia zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na mti, wala mnyama, wala samaki katika dunia yote.

Lilipokwisha kuwa gumu, lilikuwa jabali moja kubwa lililoenea chini ya nchi nzima. Lakini jabali nalo hupata nyufa, kama tope la bwawa lipasukavyo wakati wa kiangazi. Nyufa nyingine zilisimama wima, nyingine zililala. Basi jabali likagawanyika vipande vipande kama matofali ya ukuta, ingawa vipande hivyo vilikuwa vingali vimebanana.

Ndipo maji ya mvua yalipoanza kazi yake. Mvua inaponyesha huchanganyika na hewa, na inapopita katika udongo huchanganyika na majani yaliyooza; hivyo maji yake hupata ukali kidogo. Ukali huo haudhuru mkono wa mtu, lakini ukipewa miaka mingi hula jiwe. Maji yaliteremka katika nyufa, yakazila zile chembe dhaifu na kuzigeuza kuwa udongo wa mfinyanzi. Pembe za kila kipande ziliguswa na maji kwa pande mbili au tatu mara moja, kwa hiyo zikaliwa upesi kuliko ubavu wake. Mwanafunzi atakaye kuliona jambo hili kwa macho yake, na achukue kipande cha sabuni chenye pembe kali, akitie katika bakuli la maji. Baada ya muda ataona kwamba pembe zimetoweka, na sabuni imekuwa ya mviringo kama yai. Ndivyo mawe ya Mwanza yalivyopata umbo lake. Nayo yalipata umbo hilo yakiwa yangali chini ya ardhi, yamezungukwa na udongo pande zote.

Mwisho, mvua na mito iliuchukua ule udongo. Mwaka kwa mwaka uso wa nchi ulishuka, lakini mawe yakabaki. Jiwe la juu, lililokuwa limeshikwa na udongo ubavuni, likabaki limelala juu ya mwenzake. Basi, mawe hayakupanda juu. Udongo ndio ulioshuka. Hiyo ndiyo siri ya mawe yaliyopandana.

Na zile chembe ngumu zing'aazo kama kioo zilikwenda wapi? Maji hayakuweza kuzila. Zilianguka moja moja, zikachukuliwa na vijito mpaka ziwani, na mawimbi yakazikusanya katikati ya majabali. Huo ndio mchanga wa ufukoni. Mtu achotaye konzi ya mchanga huo ameshika jabali la kale lililosagika.

Ziwa Lilivyofika

Mawe ni ya kale sana. Ziwa, likilinganishwa nayo, ni la juzi. Zamani mito ya nchi hii ilitiririka kuelekea magharibi. Kisha nchi ya magharibi, iliyo kando ya Bonde la Ufa, ikainuka polepole, ikawa kama ukingo wa sahani. Mito ikakosa njia, na maji yakarudi nyuma yakajaa katika nchi ya chini. Wataalamu hukadiria kwamba jambo hilo lilianza yapata miaka 400,000 iliyopita. Kwa kuwa ziwa lilijaa katika sahani na si katika mtungi, ni pana mno lakini halina kina kirefu. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, nalo ni la kwanza kwa ukubwa katika Afrika. Lakini mahali penye kina kuliko pote ni mita 80 hivi tu. Ziwa Tanganyika, ambalo ni jembamba, lina kina cha mita 1,470.

Maji yalipojaa, mabonde yalizama, na vilele vya vilima vikabaki juu. Kwa hiyo visiwa vilivyo karibu na Mwanza ni vilele vya vilima vya zamani, na mawe yaliyo juu yake ni ndugu wa mawe ya Buhongwa. Kisiwa kimoja kinachojulikana sana ni Saanane, karibu kabisa na mji. Mwaka wa 1964 kilifanywa mahali pa kuwafugia wanyama wa pori ili watu wawatazame, na mwaka wa 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Mawe mengine mashuhuri husimama ndani ya maji karibu na kivuko cha Kamanga. Wajerumani, walipotawala nchi hii, waliyapa jina la Bismarck, aliyekuwa mkuu wa serikali yao, na jina hilo lingali linatumika.

Maji ya ziwa hayakukaa kimya tangu siku ile. Yapata miaka 16,000 iliyopita ukame mkubwa uliingia, na ziwa likakauka. Baadaye mvua zilirudi nalo likajaa tena. Hata katika siku za watu walio hai maji yamepanda na kushuka. Mvua za mwaka wa 1961 zilikuwa nyingi kupita kiasi, na maji yakaendelea kupanda mpaka mwaka wa 1964, yakazidi mita 2 juu ya kipimo cha kwanza. Mwaka wa 2020, na tena mwaka wa 2024, yalipanda sana, yakaingia katika mashamba na nyumba zilizojengwa karibu mno na ufuko. Mtu akiyatazama mawe yasimamayo majini ataona mistari ubavuni mwake, mmoja juu ya mwingine. Mistari hiyo ni alama zilizoachwa na maji yalipofika, kama alama za uji ndani ya chungu.

Watu wa nchi waliliita ziwa hili Nyanza, maana yake maji makubwa. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, alifika upande huu wa Mwanza kutoka Tabora, pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wao. Alisimama kilimani akaona maji yasiyo na mwisho, akalipa ziwa jina la malkia wake, Viktoria. Alidhani kwamba hapa ndipo chanzo cha mto Nili, na watu wa Ulaya wakabishana naye kwa miaka mingi. Naye alisema kweli, kwa maana mto mmoja tu hutoka katika ziwa hili, nao ni Nili, utokao Jinja katika nchi ya Uganda.

Wakaao Juu ya Mawe

Mgeni akikaa kimya juu ya jabali kwa muda mfupi, ataona kwamba ufuko wa mawe una wenyeji wake. Wa kwanza kutokea ni mjusi. Dume lake lina kichwa na mabega mekundu, na mwili wa samawati, kama aliyevaa nguo za sikukuu. Hupanda juu ya jiwe lenye jua, akainua na kuinamisha kichwa chake mara nyingi. Watoto husema kwamba anawadhihaki. Lakini kwa kweli anawaambia madume wengine: Jiwe hili ni langu. Wataalamu wamempa mjusi huyu jina la mji wenyewe, mwaka wa 1923, wakamwita Agama mwanzae.

Katika mianya ya mawe hukaa pimbi, mnyama mdogo kama sungura, asiye na mkia wa kuonekana. Nyayo zake ni laini na zenye unyevu, kwa hiyo hushika mwamba hata ulioinama sana wala hatelezi. Ajabu ni kwamba mnyama huyu mdogo ni jamaa ya tembo, kama mifupa yake inavyoonyesha.

Juu ya mawe yaliyo mbali na ufuko hukaa ndege. Mnandi husimama na mabawa yaliyotandazwa kama nguo za kuanikwa. Yeye ni mpiga mbizi, na manyoya yake hulowa maji. Basi baada ya kuvua sharti ayakaushe ndipo aruke vema. Kwazi, mwenye kichwa cheupe na kifua cheupe, hukaa juu ya mti au jiwe refu, na sauti yake husikika mbali sana. Akiona samaki karibu na uso wa maji, hushuka na kumnyakua kwa kucha. Mawe yanayoonekana meupe kwa mbali hayakupakwa chokaa. Ni vinyesi vya ndege hao.

Ngome ya Samaki

Lakini wenyeji walio wengi hawaonekani kutoka juu, kwa maana wako chini ya maji. Jiwe likipigwa na jua ndani ya maji huota mwani, nao ni kama nyasi za samaki. Katika nyasi hizo hukaa wadudu wadogo. Hao ni chakula cha samaki wanaoitwa furu.

Furu ni mdogo. Wengi hawazidi urefu wa kiganja cha mtu. Wavuvi wengine humdharau, lakini katika dunia nzima wataalamu humshangaa. Katika Ziwa Viktoria peke yake waliwahi kuwako furu wa aina zaidi ya 500. Wako walao mwani, walao konokono, walao wadudu, na walao samaki wenzao, na kila aina ina meno yapasayo chakula chake. Na kwa kuwa ziwa lilikauka kisha likajaa tena, yaonekana kwamba aina hizo nyingi zilitokea katika muda wa miaka 16,000 tu, muda ambao kwa viumbe ni kama kufumba na kufumbua macho. Furu jike wa ziwa hili hayaachi mayai yake mchangani. Huyachukua kinywani, naye huendelea kuwatunza watoto humo humo. Hatari ikija, watoto hurudi kinywani mwa mama yao kama vifaranga warudivyo chini ya bawa.

Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara aliletwa katika ziwa hili. Sangara ni samaki mkubwa; wamepata kuvuliwa wenye uzito wa kupita kilo 100. Baada ya miaka mingi, katika miaka ya 1980, aliongezeka kwa ghafula. Watu walipata chakula na fedha, na mialo ya wavuvi ikawa na kazi nyingi. Lakini furu wa maji ya wazi waliliwa, na inakadiriwa kwamba aina 200 hivi zilitoweka. Furu wakaao katikati ya mawe walisalimika zaidi kuliko wenzao. Sababu yake ni nyepesi: sangara mkubwa hawezi kuingia katika mwanya mdogo. Yale mawe yaliyokatwa na maji chini ya ardhi, kabla samaki wo wote hawajafika hapa, yalikuwa ngome ya furu siku ya hatari.

Miongoni mwa furu wa mawe wamo wa jamii moja iitwayo Pundamilia, kwa sababu ya milia yao. Wako wa aina mbili zinazofanana sana. Dume la aina moja lina rangi ya samawati. Dume la aina nyingine lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano; aina hii ilipewa jina lake mwaka wa 1985, nayo huitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Majike ya aina zote mbili yanafanana, wala hayana rangi za kung'aa. Jike humchagua dume kwa kuitazama rangi yake: wa samawati huenda kwa samawati, na wa mwekundu huenda kwa mwekundu. Hivyo aina mbili hukaa penye mawe yale yale bila kuchanganyika.

Mwaka wa 1997 wataalamu watatu, Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte, walitangaza jambo walilolivumbua katika ziwa hili. Penye maji maangavu, kama kando ya visiwa vilivyo mbele ya ghuba, aina za furu ni nyingi na rangi zao zinang'aa. Penye maji ya matope, rangi zao zimefifia na aina zao ni chache. Katika maji machafu jike haioni rangi ya dume. Basi hachagui tena, na aina zilizokuwa mbali mbali huchanganyika, zikawa moja. Hakuna aliyewavua, wala hakuna aliyewala. Wametoweka kwa kutoonana tu.

Jinsi ya Kuuzuru Ufuko

Ufuko wa mawe ni mzuri, lakini wataka adabu na uangalifu. Mtoto aendaye huko asiende peke yake. Na aende na mtu mzima aujuaye mahali hapo. Afikapo mwaloni, na awaamkie wavuvi kwanza: "Shikamoo, baba." Mvuvi akiisha kuitikia, "Marahaba, mwanangu," ndipo amwulize mahali palipo salama, maana mvuvi anajua mawe yaliyofichwa na maji, na mahali ambapo mamba amepata kuonekana. Asiruke kamwe kutoka juu ya jiwe kuingia majini. Maji ya ghuba hayaonyeshi kilicho chini yake, na jiwe moja lisiloonekana laweza kuvunja shingo. Tena asikanyage jiwe lenye mwani wa kijani, kwa maana huteleza kama sabuni.

Hatari nyingine ni ndogo hata haionekani, nayo ni kichocho. Mtu mwenye kichocho cha tumbo akijisaidia kando ya ziwa, mayai ya minyoo huingia majini pamoja na choo chake. Yakianguliwa, vijidudu huingia katika konokono wadogo wa majini na kuongezeka humo. Kisha hutoka, hasa mchana jua likiwa kali, huogelea, na wakimpata mtu ndani ya maji hupenya ngozi yake. Mtu hasikii maumivu makubwa siku ile. Lakini baada ya miezi na miaka tumbo lake na ini lake huharibika. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwagundua minyoo wa kichocho huko Misri mwaka wa 1851. Leo dawa ipo, na hutolewa katika zahanati na shuleni. Lakini dawa humponya mtu, haiponyi ziwa. Ziwa huponywa na choo kilichojengwa mbali na maji na kutumiwa na kila mtu.

Jambo la mwisho ni upepo. Mchana nchi kavu na mawe yake hupata joto upesi kuliko ziwa. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani huja kushika nafasi yake. Usiku nchi hupoa upesi, na upepo hugeuka kwenda ziwani. Wavuvi wa dagaa, wafanyao kazi usiku kwa mwanga wa taa, wanazijua zamu hizi za upepo. Lakini wakati wa mvua dhoruba huweza kuja ghafula. Mtu akiona wingu jeusi na kusikia maji yakivuma, na auache ufuko mara moja, wala asijifiche majini au juu ya jiwe lililo peke yake, kwa sababu ya radi.

Nyundo na Udongo

Mawe haya yana adui wawili. Wa kwanza ni nyundo. Nyumba, barabara na shule zahitaji kokoto, na wako watu wengi, wanaume kwa wanawake, wapatao chakula cha watoto wao kwa kuvunja mawe. Huwasha moto juu ya jabali mpaka lipasuke, kisha hulipiga nyundo. Kazi hii ni ngumu na ya halali, wala haifai kuwadharau waifanyao. Lakini yafaa kujua tofauti. Jiwe lililo mahali tambarare likivunjwa, hasara ni ndogo. Jiwe lililo ubavuni mwa kilima likivunjwa, udongo wa nyuma yake hubaki bila mshikaji, na jiwe la juu yake hupoteza mguu wake. Jiwe la ufukoni likiondolewa, mawimbi hupata njia ya kula nchi kavu. Na jiwe lililovunjwa halioti tena, kwa maana lililetwa na miaka isiyoweza kurudi.

Adui wa pili ni udongo wenyewe. Zamani udongo ulishuka kidogo kidogo. Siku hizi, mahali ambapo miti imekatwa na mashamba yamelimwa kwa kufuata mteremko, mvua ya siku moja huchukua udongo mwingi kuliko ulivyochukuliwa zamani kwa miaka mingi. Vijito vinavyoingia ghubani huja vyekundu. Pamoja na udongo huja mbolea, takataka na maji machafu ya mji. Hivyo vyote ni chakula cha mwani, na maji huwa ya kijani mazito. Ndipo furu asipomwona mwenzake. Kadiri mtu aingiavyo ndani ya ghuba kuelekea kusini, ndivyo aonavyo maji yakizidi kuwa ya matope.

Buhongwa haiko ufukoni, lakini maji ya mvua yanayopita katika mashamba na mitaro ya nchi hii yote huishia ziwani. Kwa hiyo utunzaji wa ufuko hauanzi ufukoni. Huanza kilimani: kwa kulima matuta yanayokata mteremko, kwa kuacha majani kandokando ya vijito, kwa kutotupa takataka katika mitaro, na kwa kupanda miti penye udongo kati ya jiwe na jiwe. Mtoto apandaye mti mmoja juu ya kilima cha Buhongwa na kuumwagilia mpaka ukashika, amewafanyia kazi samaki ambao huenda asiwaone maisha yake yote.